Maji Kinywani mwa Mbeyu

Mie nina mdomo, sikatai. Pale Kongowea ninakouza viazi, wachukuzi wa mikokoteni wakiniona nimejifunga leso kiunoni hupitia upande wa pili. Lakini mbele ya dada yangu Mbeyu mie nilikuwa bubu. Mbeyu akikasirika hasemi, anachoma. Na akishakuchoma, jioni utamwona anakuja na bakuli la mchicha, "Dhahabu, umekula?", kana kwamba si yeye aliyekuita paka mwizi asubuhi. Mtu wa namna hiyo ndiye Mungu akampa binti mmoja tu, Kache, aliyerithi mdomo ule ule.

Tulikuwa tukikaa Magongo, Changamwe, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya mabati yetu mpaka vikombe vinalia kabatini, na miaka yote hiyo hatukuwahi kuukanyaga uwanja wenyewe. Tungekwenda kufanya nini? Ndege zilikuwa za Wazungu wanaokuja kuota jua, nasi jua tulikuwa nalo bure.

Mwaka wa themanini na saba Kache alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya upande wa kaskazini. Huko akapatana na Mjerumani. Hakuwa mtu mbaya, haki ya Mungu. Alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akala sima kwa mkono ikamwunguza vidole, tukacheka sote, hata Mbeyu. Wakaandikisha ndoa yao serikalini. Mbeyu akadhani watakaa hapa hapa, kule Kiembeni alikopanga nyumba yule bwana. Kisha siku moja Kache akaja kusema wanahamia Ujerumani.

Nilikuwapo. Mbeyu alikuwa amesimama kando ya mtungi, kata mkononi. Alikuwa mjane, na Katana, mwanawe wa kiume, alikuwa kazini Voi. Najua sasa kwamba ilikuwa hofu. Wakati ule hofu ilitoka ikiwa imevaa nguo za hasira.

"Mtu umemjua juzi tu," alisema, "leo unamfuata nchi ambayo ukilia hakuna wa kukuuliza unalilia nini?"

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Haya nenda, mtu mzima! Lakini ukivuka bahari hiyo, mie si mamako. Hata siku ya kufa kwangu usinione."

Kache alitikisa kichwa taratibu. "Sawa, mama. Umesema mwenyewe." Akachukua mkoba wake, akaenda zake Kiembeni.

Sasa nieleze jambo moja, maana vijana wa siku hizi hawajui. Sisi ni watu wa kanisa, Jumapili tunakaa benchi la mbele. Lakini kwetu neno chungu la mama aliyezaa haliondolewi na padri. Huondolewa na kinywa kile kile kilicholitoa. Mama huteka maji katika mtungi wa nyumba ile ile aliyolisemea, hujaza kinywa, humtemea mwanawe kifuani, rasharasha, kisha husema: nimelitoa, limepoa, nenda salama. Basi, yamekwisha. Bila hivyo neno linabaki limesimama njiani likimngoja mtoto. Na mama akiyatema maji hayo chini, mtoto akimwona, hapo ndipo amelipigilia msumari. Maana yake amekwisha naye.

Nilimwambia Mbeyu amwite binti yake. "Ana miguu, aje mwenyewe," akasema. Nikamtumia Kache salamu aje kwa mamake. Akajibu kwamba mamake amesema si mamake, sasa aende kwa nani? Basi mama huku, binti kule, kila mmoja amekaza shingo, na siku zinakwenda. Nilitamani niwakamate wote wawili niwagonganishe vichwa.

Siku ya safari Mbeyu aliamka akafua. Alifua hata nguo zilizokuwa safi. Ikapita ndege, vikombe vikalia, naye akakaa chini pale pale kwenye povu, leso imelowa.

"Dhahabu, ni leo."

"Najua ni leo. Nimekwambia ni leo tangu alfajiri!"

"Twende."

Alijaza maji ya mtungi katika chupa tupu ya sharubati, akaiziba kwa kipande cha kitambaa, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Hatukungoja gari. Tulikwenda kwa miguu, mbio nusu na mwendo nusu, mie nyuma napumua kama ng'ombe, yeye mbele hageuki. Njiani alisema mara moja tu: "Nitamtemea mpaka alowe, yule mwana. Apande ndege amelowa."

Mlangoni alisimama askari wa kike, amevaa sweta katika joto lile, msichana wa bara.

"Tikiti," akasema.

Nikamwambia hatusafiri sisi, tunamfuata mtoto, ameingia ndani sasa hivi, ni neno moja tu.

"Wasindikizaji wanabaki nje. Na hiyo chupa ni ya nini?"

"Maji."

Aliichukua, akatoa kitambaa, akanusa. "Maji ya mganga?"

"Mganga kwenu!" nikamwambia. "Huyu ni mama wa watu, anamfuata mwanawe, we unamzungumzia waganga! We hukuzaliwa?"

"Mama, usinipigie kelele. Chupa haingii, na nyinyi hamuingii." Na kweli hakuwa na kosa, ndiyo kazi aliyopewa. Akanyoosha mkono aimwage chupa ndani ya pipa la taka lililokuwa kando yake.

Mbeyu aliruka. Sijui nguvu alizipata wapi. Alimshika yule msichana kifundo cha mkono, akaivuta chupa mdomoni, akajaza kinywa mpaka mashavu yakatuna. Kiasi kilichobaki kikamwagika sakafuni. Kisha akasimama wima, ameufumba mdomo, machozi yanamtiririka.

"Wewe mama, unafanya nini? Unakwenda wapi? Jibu!"

Ajibu vipi? Alimtazama tu.

"Nakuuliza! Unanidharau?"

"Hawezi kusema!" nikasema mie. "Huoni?"

Kelele zile zikamleta askari mwingine, mtu mzima, jina lake limeandikwa kifuani: Masha. Sikuhitaji kulisoma jina. Kiswahili chake kilinitosha kujua ni mtu wa kwetu, wa pande za Kaloleni. Alimtazama Mbeyu mashavu, akatazama chupa, kisha akanigeukia.

"Ni mtoto?"

"Ni mtoto. Anapanda ndege sasa hivi."

"Alilitamka?"

"Alilitamka, kaka."

Alivua kofia, akajifuta jasho, akamwambia mwenzake kwa upole, "Wapishe. Mkubwa akiuliza, mwambie ni mimi." Kisha akamwambia dada yangu, "Mama, pumua kwa pua. Usikimbie, utayameza."

Tukaingia. Sijapata kuona sakafu inayoteleza vile. Watu wakatutazama: mwanamke wa leso iliyolowa povu, amejaza mashavu kama mtoto anayefanya mzaha, na mie nyuma nawasukuma, "Tupisheni, tupisheni, jamani!" Mbeyu alikwenda kama aliyetwikwa mtungi kichwani, shingo haichezi. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa sauti. Nilimwambia Mungu, utulie kidogo na ndege yako hiyo.

Chumba cha kungojea abiria kilikuwa viti vitupu.

Mwisho wa chumba palikuwa na mlango wa kioo uko wazi, na askari mwingine mwenye bunduki. Huyo aliweka mkono: hapa hata rais hapiti bila karatasi. Nje, jua kali, na ndege, na abiria wa mwisho mwisho wakitembea kuifuata ngazi. Kache nikamwona mara moja. Gauni la manjano, nywele amezisuka upya, mume wake amemshikia kikapu.

"Kache!" nikaita. "Kache we!"

Ndege ilikuwa ikinguruma. Sauti yangu inayosikika Kongowea nzima pale ilikufa midomoni. Nikaita tena mpaka koo likaniuma. Nikamsihi yule askari amkimbilie, akasema haruhusiwi kuondoka mlangoni. Kache aliweka mguu kwenye ngazi.

Mbeyu akanigeukia. Yale macho, mpaka leo nayaona. Alikuwa ananiuliza nifanyeje, nami dada yake, mwenye mdomo wote huu, sikuwa na neno la kumpa.

Alifungua kinywa.

"Kacheee!"

Maji yakamwagika yote, kidevuni, kifuani kwake, sakafuni miguuni pake. Na Kache akasikia. Sauti ya mamake aliisikia katika ngurumo ile yote, akageuka.

Wakatazamana. Mbeyu alikuwa anajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, maji yakimdondoka. Kache aliweka kiganja kifuani, akakiacha hapo. Kisha akatupa mgongo, akapanda ngazi, akaingia.

"Amekuona," nikamwambia dada. "Ameshika kifua. Amepokea, dada. Amejua umekuja."

"Kifua chake kikavu, Dhahabu," akasema.

Masha alituletea maji katika kikombe cha bati, Mungu ambariki. Mbeyu aliyanywa kwa heshima tu. Hayakuwa ya mtungi wake.

Baada ya hapo, kimya. Hakuna barua, hakuna salamu, mwaka ukaisha, na mwingine, na mingine. Katana alituma habari kupitia watu wa hoteli, haikurudi hata "nimesikia". Mimi nilikasirika, nikamtukana Kache pale sokoni mbele ya watu. Mbeyu hakunijibu hata siku moja. Ndege ikipita alitoka uani, akaitazama mpaka ikapotea, kisha akaingia ndani kufunika mtungi. Mtungi ule ulivunjika shingo, akakataa usibadilishwe. Mdomo wake ulikwisha. Watu wakasema Mbeyu amekuwa mpole, nami nikawa natamani aniite paka mwizi.

Mwaka wa tisini na tatu kifua kikambana, tukamlaza hospitali. Katana alihangaika mpaka akapata simu ya yule Mjerumani, na safari hii Kache mwenyewe aliipokea. Alilia, Katana anasema, kisha akasema anakuja. Mbeyu tukamwambia. Alikufa Alhamisi. Kwa joto letu hili na mfuko wetu ule hatukuweza kungoja, tukamzika Jumamosi. Kache alifika Jumapili.

Nilikwenda kumpokea mie. Nilisimama nje ya kizuizi pamoja na madereva wa teksi, na alipotoka, amenenepa kidogo, amekata nywele, alinitazama nguo yangu nyeusi akajua.

"Mmeshamzika?"

"Jana, mwanangu."

Hakupiga kelele. "Nilijua," akasema. "Alisema nisimwone."

"Usiseme hivyo, Kache."

"Mama mdogo, alisema, na akaja mpaka hapa kulithibitisha. Nilimwona kwa macho yangu. Nilidhani amekuja kulitoa. Nikashika kifua kumwonyesha: hapa, mama, nitemee hapa. Akanitemea chini." Akaweka sanduku chini. "Akajifuta mdomo. Mimi ningeandika barua nimwandikie nani?"

Nilimkamata mabega, mbele ya madereva wote, nikamtikisa.

"Alikuita! Mjinga we, alikuita! Ulikuwa unapanda, sauti yangu huisikii, na maji yamo kinywani mwake. Mtu anaitaje mwanawe na maji kinywani? Niambie! Anaitaje?"

Niliona neno linavyomwingia, miaka sita inaanguka mmoja mmoja usoni mwake, akakaa juu ya sanduku lake. Hapo nikalia nami. Nilitaka nikome, lakini mdomo wangu haujui kukoma, nikamwambia na lile la mwisho.

"Alipojua unakuja, aliomba maji ya mtungi. Nikampelekea, katika chupa. Akajaza kinywa, hakumeza. Nesi akamwambia ameze, hakumeza. Nikamwambia dada, Kache bado yuko njiani, meza, utakunywa mengine. Akatikisa kichwa. Alikuwa anautazama mlango tu. Amekufa hivyo, Kache, mashavu yamejaa. Tulipomlaza ubavu ndipo yakatoka, yakaingia kwenye mto aliolalia."

"Mto wa hospitali?"

"Wake mwenyewe, wa nyumbani."

"Uko wapi?"

Tulipofika Magongo waombolezaji waliinuka kumpokea, naye akawapita wote, hakutoa hata mkono. Alikwenda moja kwa moja uani. Mto ulikuwa kwenye kamba, pamoja na mashuka. Aliutoa vibanio, akafungua vifungo vya gauni lake mpaka chini ya shingo, akaukandamiza kifuani kwa mikono yote miwili, macho amefumba, akangoja.

Nilikuwa nimeuanika mwenyewe tangu Ijumaa asubuhi. Ulikuwa umekauka.