Mtoto Aliyefutwa Kwenye Karatasi ya Mazishi

Waringa aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Nakala mia mbili za historia ya baba yake zilikuwa zimerudi kutoka kwa mpiga chapa alasiri ile, zikinuka wino wa mashine ya kudurufu. Mengi aliyoyaandika yalikuwamo: kuzaliwa kwa baba Murang'a, miaka kumi na minane ya kutibu meno ya wanajeshi, kustaafu mwaka 1981 akiwa Kapteni Gichuru, kuhamia Uhuru Estate. Lakini mwishoni, pale alipoandika "ameacha mjane na watoto watano", karatasi ilisema wanne. Bedan, Waringa, Irungu, Mirriam. Khadro hakuwepo.

Damu ilimpanda kichwani. Aliingia sebuleni na rundo zima mikononi. Baba yake mdogo, Gachanja, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa akipanga na Bedan magari ya kwenda Lang'ata kesho yake.

"Baba mdogo, nani amefuta jina la Khadro?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

"Ni mimi na kaka yako hapa. Na usinisimamie kichwani kama askari, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Khadro ni mtoto wa nyumba hii."

"Alilelewa hapa. Kulelewa ni kitu kingine. Karatasi ya mazishi hata hakimu huisoma. Siku moja atasimama nayo kortini adai ploti ya baba yako ya Komarock, utamwambia nini?"

Waringa akamgeukia kaka yake. Bedan alikuwa akikagua kucha zake.

"Mimi sina ubaya na Khadro," alisema. "Lakini baba mdogo ana hoja."

"Mwaka jana ulipougua taifodi, nani alikufulia mashuka, Bedan? Hoja ndiyo iliyokufulia?"

"Wewe msichana," Gachanja alisema, "baba yako hajazikwa na tayari unapigia watu kelele kwake."

Kwake, alikomlea Khadro! Waringa alitoka kabla hajasema neno ambalo lingemfukuzisha mazishini. Alikaa kwenye ngazi za nyuma, rundo magotini. Baba yake hakuwahi kupandisha sauti katika nyumba ile, lakini jambo hili lingemfanya hata yeye aipandishe. Mwaka 1970 lori la jeshi lilipinduka na kuungua barabara ya kaskazini, na miili ikawa haijulikani ni ya nani. Waliitwa watu wa meno. Gichuru alipitia kadi zake za matibabu moja moja, akamtambua dereva Magan kwa gego alilokuwa amemzibia mwenyewe mwezi uliotangulia. Akaenda Eastleigh kupeleka habari. Huko alimkuta bibi kizee, Qali, mama wa marehemu, macho karibu yote yamekufa, na Khadro, binti wa Magan wa miaka miwili, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Qali alimkabidhi mtoto kwa sharti moja, kwamba asipotezewe dini yake. Basi kila Jumamosi, miaka kumi, Gichuru, mzee wa kanisa, alimpeleka binti madrasa kwa miguu, akamngoja nje akisoma gazeti. Watu walimcheka. Yeye alikunja gazeti akarudi naye, wakila njugu njiani.

Sasa baba ndiye alikuwa maiti, na watu wa kusema alikuwa nani walikuwa hawa.

Waringa alichomoa kalamu kwenye nywele. Chini ya jina la Irungu akaandika Khadro, maana alizaliwa baada yake. Nakala ya pili. Ya tatu. Alikuwa amefika thelathini Khadro alipotokea na beseni la nguo, akalitua, akasoma.



"Acha, Waringa."

"Siachi."

"Sitaki kuhurumiwa mbele ya watu."

"Nani anakuhurumia? Nimekasirika."

"Basi kasirika kwa mwandiko mzuri. Huu watu watasoma Khadija." Alijifuta machozi kwa kiwiko, akachukua nusu ya rundo. "Jina langu siliandiki mimi. Lakini hiyo 'wanne' nitaikata."

Wakaendelea hivyo, mmoja akiandika, mwingine akikata, hadi nakala zote zikaisha.

Kesho yake, jeneza lilipokwisha kushushwa, ikafika zamu ya udongo. Watoto huitwa kwa majina, wakifuatana kwa kuzaliwa, kila mmoja atupe konzi yake; asiyeitwa hubaki katika umati na watu wengine. Gachanja alisoma nakala safi, aliyojiwekea mfukoni tangu kwa mpiga chapa.

"Bedan." Bedan akatupa.

"Waringa."

Waringa alichota udongo akasimama nao.

"Tupa, mwanangu," mchungaji alisema taratibu.

"Nawangoja wenzangu. Tuko watano."

"Irungu," Gachanja aliita haraka. Irungu alimtazama dada yake, akachota udongo, naye akaushika.

"Mirriam."

"Mwenyekiti!" Mama Aloo, jirani wa nyumba ya pili, aliinua karatasi yake. "Umeruka mtu. Hapa kwangu baada ya Irungu kuna Khadro."

"Hayo ni maandishi ya kalamu tu, mama."

"Ya kalamu, ya mashine, mimi nimesoma. Huyo binti alinishika kichwa daktari aking'oa gego langu jikoni kwake, na daktari akaniambia, 'Tulia, mikono ya binti yangu haiumizi.' Binti yangu, alisema. Wewe ni nani wa kumtoa?"

Karatasi zilianza kuchakarika makaburini. "Na kwangu yupo!" mtu alisema. "Na huku!"

Gachanja alilitamka jina akiangalia viatu vyake.

"Hatujasikia!" Mama Aloo alisema.

"Khadro!"

Khadro alitoka katika umati, shela kichwani, akapita mbele ya Gachanja bila kumtazama. Alichota udongo kwa mikono miwili, akanong'ona dua yake, akautupa. Hapo ndipo Waringa na Irungu walipotupa wa kwao, na Mirriam akafuata.

Wakirudi magarini, Bedan alimshika Waringa mkono. "Si limeisha sasa? Tusameheane."

"Jina limesomwa kwa sababu majirani walipiga kelele," alisema, akiuvuta mkono wake. "Wewe ulikuwa karibu zaidi yao, ukanyamaza."

Nyumbani, Gachanja alijibwaga kwenye kiti cha marehemu, akavua kofia.

"Khadro, hebu leta chai."

Khadro alianza kuinuka. Waringa akamkalisha kwa kiganja begani.

"Leo Khadro amefiwa na baba," alisema. "Jikoni unakujua, baba mdogo."