Malenga kwenye Kadi

Siku niliposikia mwanangu wa darasa la tatu ameketishwa na watoto wa darasa la kwanza, niliacha mboga jikoni nikaenda shuleni na kanga yangu ya kupikia. Nilitaka kumwona huyo Mwalimu Munira, mgeni kutoka Kondoa, aliyemrudisha Emiliana nyuma wakati kwangu tayari hakukaliki. Baba yake, Sostenes, alishasema: asipojua kusoma kufikia likizo, anakwenda Mtera kwa shangazi yake kulea mtoto.

"Shikamoo mama," mwalimu alinisalimia. Marahaba yangu ilitoka kwa shida.

Akanieleza. Kila asubuhi, kwa kipindi kimoja, shule nzima inagawanywa upya. Haangaliwi umri wala darasa. Kila mtoto anakaa na wanaojua kiasi anachojua yeye, na akisogea anahamishwa. "Sijamshusha, mama. Namtafuta alipo." Maneno matamu hayo, nikajisemea, nikajibanza kwenye dawati la nyuma nijionee.

Watoto walikaa duara sakafuni, katikati pana kopo la maji, jiwe, kijiko na gunzi. Mwalimu anainua kadi yenye neno, mtoto anasoma. Zamu ya Emiliana ikafika. Kadi iliandikwa "maji". Mwanangu aliitazama, midomo ikacheza kimyakimya, kisha akasema, "Malenga."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akatikisa kichwa kwa upole. "Malenga ni mtunzi wa mashairi, Emiliana. Hapa hakuna mashairi." Mtoto akainama, nami nikajua ndivyo anavyoinama kila siku.

Nikasimama. "Mwalimu, kwetu Wagogo malenga ndiyo maji. Ameisoma hiyo kadi. Asingeisoma, angejuaje kuwa ni maji?"

Mwalimu akaangalia kadi, akaangalia kopo, akajishika mdomo. "Nisamehe, Emiliana," alisema. "Sasa usiniambie kitu. Nikikuonyesha kadi, niletee chenyewe."

Akaonyeshwa kadi, akaleta jiwe. Nyingine, akaleta gunzi. Kijiko alikifuata kabla kadi haijatulia. Kumbe mtoto anasoma, tena siku nyingi. Anasoma Kiswahili, mdomo unatoa Kigogo cha nyumbani, anachekwa, basi ananyamaza. Nililia pale dawatini bila aibu. Mwalimu akawatangazia kuwa tangu leo neno likija kwa Kigogo litapokelewa, kisha watalitafutia Kiswahili chake pamoja. Akamwachia Emiliana ile kadi ya "maji" aje nayo nyumbani.

Jioni Sostenes alikuwa nje na simu mkononi, anatafuta namba ya dada yake. Emiliana akamwamkia, akampa kadi.

"Maji," Sostenes alisoma. Akaigeuza. Nyuma paliandikwa kwa penseli, herufi zimelala upande: malenga. "Nani kaandika huku?"

"Mimi, baba. Ukishasoma, unaleta."

"Naleta nini?"

"Ulichosoma."

Akanitazama. Nikageuka pembeni, maana ningecheka. Mwanaume ambaye sijapata kumwona akijichotea maji akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe, akampa mwanawe. Kisha akapiga ile simu.

"Dada, tafuta yaya mwingine," alisema. "Wangu anasoma."