Mkono Uliofika Sakania

Mama Ngosa alipofika kwa binti yake, mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, na mabegi yake mawili na jiko lake la makala, hakuna aliyekumbuka kwamba chumba alichopewa kilikuwa Sakania.

Kapya alikumbuka, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kukimbia. Alimwona mama mkwe wake akishuka kwenye taksi, akaruka ukuta, akaangukia kwa jirani yake Désiré, katikati ya mifuko ya makala ambayo Désiré anauza.

"Polisi?" Désiré akauliza.

"Mama mukwe."

"Aa. Basi inama kabisa."

Désiré ni mtu wa Kasai, na huko kwao mambo ya bukwe, ya mtu na wakwe zake, si mchezo. Lakini ukoo wa Cathy, mke wa Kapya, watu wa Sakania hao, kule mpakani, wanazidi. Kwao mwanamume akioa, hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali chakula cha mkono wake, hakanyagi chumba anacholala. Wanakimbiana hivyo mpaka siku wazee watakapoamua kumwingiza mkwe. Siku hiyo wanawake wa upande wa mke wanapika, wanabeba vyungu kichwani na nyimbo mdomoni mpaka kwake, anakula mbele za watu, na mbio zinakwisha.

Wengine wanaingizwa baada ya mtoto wa kwanza. Aaron, mtoto wa kwanza wa Kapya, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu anayefanya kazi Likasi, na baba yake bado anaruka kuta. Sababu ilikuwa koti. Mjomba wa Cathy, mzee Mulenga, aliomba koti wakati wa mahari, Kapya akalileta, mzee akalivaa, mikono ya koti ikaishia kwenye viwiko. Mulenga ana mikono mirefu kama ya mtu anayechuma maembe bila ngazi. Alilitazama lile koti, akasema, "Ni sawa," na tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kumwingiza mtu.

Sasa hiyo Sakania ya chumbani.

Kapya kazi yake ni kusuka mota. Pampu ikiungua, kinu cha mahindi kikitoa moshi, wanamletea. Anatoa waya zilizokufa, anasuka nyingine. Vipande vya shaba vinavyobaki wenzake wanauza. Yeye anavinyoosha, anavigonga, anavipigilia juu ya mataruma ya mbao nyembamba kama vidole, na miaka inakwenda. Reli yake ilianzia sebuleni chini ya televisheni, hapo ndipo Lubumbashi. Ikapita chini ya meza, ikaingia kwenye tundu la ukuta lenye ukubwa wa tofali, ikatokea chumba cha nyuma, ikazunguka miguu ya kitanda na kurudi ilikotoka. Kule nyuma ndiko Sakania, jina aliliandika kwa rangi kwenye mguu wa kitanda. Injini aliitengeneza kwa kopo la maziwa na mota ya redio ya kaseti. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini yaliyofungwa kwa kamba. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki, maana ukingoja courant ya mtaa hutafika hata mezani.

Na treni za kweli? Hizo alizipenda kuliko wanavyozipenda wanaozipanda. Akisikia honi anaacha mota ya mteja imefunguka tumbo, anakwenda kusimama pale barabara inapokatana na reli, mkono kifuani, mpaka behewa la mwisho lipite. Watu wa Bel-Air walisema: wanaume wengine wana deuxième bureau, mwanamke wa pembeni, Kapya ana treni, na angalau treni haiombi kikwembe kipya kila sikukuu.

Jioni ile Cathy alimngoja mpaka aliporudi kutoka kwenye makala.

"Papa Aaron. Ile tundu."

"Tundu gani?"

"Ile ya mu ukuta. Mama analala kule, weye unakaa huku, na katikati kuko tundu. Mujomba Mulenga anakuya siku ya Mungu. Akiiona tutasema nini? Kama unachungulia mama yangu?"

"Ile haiko tundu, Cathy. Ni tunneli."

"Ziba tunneli. Na ma-rail ya kule utoe yote."

"Nitatoa namna gani? Iko mu chumba ya mama mukwe. Siwezi kuingia."

Kweli ilikuwa kweli. Mtu wa kung'oa Sakania alikuwa ni mmoja tu, na huyo mmoja alikatazwa kufika Sakania.

"Basi nitatoa miye," Cathy alisema. "Na jembe."

Jembe! Kapya akaenda kusimama mbele ya tundu. Mataruma yale aliyakata moja moja! Na bila Sakania treni itakwenda wapi? Reli isiyo na mahali pa kufika ni waya tu uliolala chini. Alimwomba mke wake angoje mpaka hiyo Jumapili, afanye walau safari ya kuaga. Cathy akakubali, kwa sharti kwamba mama asisikie kitu.

Kesho yake mchana Kapya akasikia geti. Akajua mama mkwe ametoka kwenda kusali. Akaunganisha betri, treni ikaondoka Lubumbashi, ikapita chini ya meza, ikazama ukutani.

Haikurudi.

Aliyetoka kwenda kusali alikuwa Cathy.

Mota ilisikika ikilia mahali pamoja, kama nyuki ndani ya chupa. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka:

"Weye treni. Unaingia Sakania, hauulize munkoyo, haununue hata karanga, unataka kurudia tu? Nani alikufundisha?"

Hapo Kapya akakumbuka jambo ambalo ingefaa alikumbuke mapema. Mama Ngosa maisha yake yote aliuza chakula pale Sakania penye reli, munkoyo, kinywaji cha mahindi, na karanga na viazi, akiwapa abiria dirishani. Treni yoyote ikisimama mbele yake, mikono yake inaanza kazi bila kumwuliza.

Kumjibu ni kosa. Lakini huyu mama hakusema na yeye, alisema na treni. Kapya akainama mpaka pua ikagusa shaba.

"Weye rail," akanong'ona, "ambia treni kama mwenyewe anaomba irudi."

"Treni," sauti ikajibu, "ambia rail kama pa muguu ya kitanda kuko kona mubaya. Ulianguka. Nimekusimamisha."

Ile kona Kapya aliijua vizuri, ilimsumbua tangu mwanzo. Kidogo hivi mlio ukabadilika, na treni ikatoka ukutani polepole. Kwenye behewa la kwanza kulikuwa na karanga za kukaanga.

Alizitazama. Karanga, akajiambia, inaiva ndani ya ganda lake, hakuna mkono unaoigusa. Akala. Kesho yake kikaja kipande cha kiazi cha kuchemsha, na kiazi nacho kina ganda. Siku iliyofuata mabehewa yote yalifika yamejaa, huku bukari, yaani ugali, huku sombe ya majani ya muhogo, moshi unatoka. Bukari haina ganda. Kapya alifikiri sana, akafumba macho, akaona kwamba chakula kisichoonekana hakina mpishi.

Alipofumbua, Cathy alikuwa amesimama mlangoni.

"Bukari ya nani ile?"

"Ya treni."

Cathy akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kelele iliyomfanya Désiré achungulie juu ya ukuta.

"Amefanya nini?"

"Amekula chakula ya mama!"

"Bukari?"

"Na sombe!"

"Yaya wee, Kapya! Kwetu Kasai ungelipa mbuzi, na ile mbuzi ingekukatalia hata salamu!"

Siku ya Mungu mzee Mulenga akaja baada ya misa. Alikuwa amevaa koti lile lile, makusudi, viwiko nje. Akakaa kwenye kiti sebuleni, Cathy akamweleza yote. Mama Ngosa alibaki chumbani kwake, nyuma ya ukuta. Désiré naye aliingia, hakuna aliyemwita. Cathy akaleta jembe, akaliegemeza mlangoni.

"Nani alipika?" Mulenga akauliza.

"Jiko, mwambie ni miye," sauti ikatoka ukutani.

"Nani alikula?"

Kapya akainua kidole.

"Nani alibeba?"

Désiré akakohoa. "Treni, mzee."

Mulenga akaitazama ile treni kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kuku wa mahari. "Chakula ya kuingiza mukwe inabebwa na bamama," akasema. "Hii treni ni mwanamuke ao mwanaume?"

Kapya hakuwa ameliwaza hilo hata siku moja. Désiré akatabasamu. "Haisemi maneno mingi. Haiwezi kuwa mwanamuke."

"Inabeba mizigo kutoka asubuhi," Cathy akasema, "inalisha mwanaume mwenye kulala chini, na hakuna mwenye kuiambia merci. Ni mwanamuke."

Mulenga akatikisa kichwa kukubali. Basi, akasema, kama ni mwanamke wa upande wetu, ametoka Sakania na chakula na kufika kwa mkwe, huu haukuwa wizi wa bukari. Ilikuwa kumwingiza. Ila ilifanyika bila wimbo na bila mzee, kwa hiyo irudiwe leo, mbele yangu. Chakula kikifika bila kuanguka, reli inabaki na tundu linabaki. Kikianguka njiani, wale waliolala makaburini wamekataa, na jembe lifanye kazi.

Kapya akaunganisha betri. Treni ikaenda Sakania tupu. Wakasikia vijiko upande wa pili, na Mama Ngosa akiyaambia makopo yakae vizuri. Halafu yeye akaanza wimbo ndani, Cathy akaitikia sebuleni, hata Désiré akaitikia, maneno hayajui.

Kapya alifuata safari kwa masikio. Mguu wa kwanza wa kitanda. Wa pili. Mlio wa kupanda kidogo pale ubao ulipovimba. Sasa kona.

"Polepole, treni," mama mkwe akasema ndani. "Polepole, mama yangu."

Ikapita. Kapya akataka kuruka, lakini pua ya kopo la maziwa ilipotokeza ukutani ikasita, ikatikisika, ikanyamaza. Betri imekufa. Siku zote zile aliiendesha ili ale, hakukumbuka kuipeleka kuichaji.

"Haijaanguka," Kapya akasema.

"Haijafika," Cathy akasema, mkono kwenye mpini wa jembe.

Wakamtazama mzee. Mulenga akakuna kiwiko chake kilicho nje. "Mbebaji akichoka mulangoni," akasema, "mwenye nyumba anaweza kumupokea muzigo."

Kapya akalala kifudifudi. Akashika injini, akavuta. Kitu kilikwama ndani, labda kamba ya behewa kwenye tofali. Akivuta kwa nguvu bukari itamwagika. Akapitisha mkono pembeni ya injini, ukaingia mpaka kwapa, shavu limebanwa ukutani, macho yanatazama dari. Vidole vyake vikapita behewa la kwanza, la pili, vikatokea upande wa pili, hewani. Mkono wake ulikuwa Sakania.

Wakati ule ule Mama Ngosa naye alikuwa ameinama kufungua kamba.

Mikono ikakutana.

Wimbo ukakatika. Kapya alitaka kuuvuta mkono, mkono ukakataa. Ule mwingine ulikuwa na joto na ungaunga wa mahindi. Ukamshika sawasawa, ukamtikisa kama watu wanavyosalimiana mlangoni pa kanisa.

"Jambo, mukwe," ukuta ukasema.

Hakukuwa na treni wala jiko wala rail katika salamu hiyo. Ilikuwa yake.

"Jambo, mama," Kapya akajibu, mdomo kwenye rangi ya ukuta.

Kamba ikafunguka. Treni akaivuta mpaka Lubumbashi, makopo yote wima. Na kiganjani mwake akakuta firigisi ya kuku, nzima, ile anayopewa mwanamume wa nyumba.

Cathy alikaa chini pale pale, analia na kucheka. Wote wakageukia kiti cha mzee. Mulenga akasimama, akanyoosha mikono yake mirefu mbele, koti likaishia pale linapoishia kila siku.

"Kapya, mutoto yangu. Siku ile ulinipa koti inafika mpaka ku kiwiko. Nilikubali. Sikusema kitu, ni kweli?"

"Ni kweli, mujomba."

"Leo na siye tumekuingiza mpaka ku kiwiko. Ule mukono ndio mukwe yetu. Mwili ule mwingine wote bado."

Hakuna aliyecheka, maana hukumu ilikuwa sawa. Cathy akarudisha jembe nyuma ya nyumba.

Hivi ndivyo mambo yalivyo mpaka sasa pale Bel-Air. Reli ipo. Kona ikiharibika, Kapya analala sebuleni, anaingiza mkono wake wa kulia ukutani na kuitengeneza Sakania kwa kupapasa, na mama mkwe anamwelekeza: "Kushoto, mukono. Hapana, kushoto yangu." Kazi ikiisha anawekewa kitu kiganjani, karanga au kiazi.

Lakini wakikutana uwanjani, sheria ni sheria. Mama Ngosa anafunika uso kwa kikwembe, na Kapya anaruka ukuta kwenda kujificha kwenye makala ya Désiré. Anaruka mzima, mguu, kichwa, bega, yote yanapotea. Juu ya ukuta unabaki mkono mmoja tu, kuanzia kiwiko, unapunga.

"Jambo, mukono," Mama Ngosa anasema, na kuendelea na shughuli zake.