Nyama ya Habari Mbaya

Muuza nyama alipomaliza kufunga vipande vyangu kwenye karatasi, aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni na kuniuliza kwa sauti ya msibani, "Poleni sana. Ni nani safari hii?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akatikisa kichwa kwa upole, maana alishazoea wafiwa wanaoanza kwa kukataa, na akaniongezea kipande kimoja cha bure. Sikumlaumu. Mama yangu ni mteja wake wa siku nyingi, na miaka yote hiyo vipande vya nguruwe vyenye mfupa, vya kuoka, amevinunua kwa sababu moja tu.

Kwetu habari mbaya haitolewi mtu akiwa na njaa. Hiyo ni sheria ya mama, na asili yake haijui hata yeye mwenyewe. Bibi alipofariki, tulikula kwanza, tukaongeza, tukalamba vidole, ndipo mama akatandaza mikono yake yote miwili juu ya meza na kusema. Baba alipopunguzwa kiwandani ilikuwa hivyo hivyo. Tulipohama nyumba, paka alipogongwa na gari, nilipofeli mtihani ambao matokeo yake mama aliyapata kabla yangu: nyama, viazi, vitunguu, halafu mikono mezani. Kwa hiyo chakula kitamu kuliko vyote vya nyumbani kwetu hakuna anayeweza kukinusa bila kuanza kuwahesabu watu wa nyumbani. Mdogo wangu alikutana na harufu hiyo kwenye sherehe ya rafiki yake, akatoka nje mbio kupiga simu nyumbani kuuliza kama wote tu wazima.

Nilikuwa nimechoshwa na upuuzi huo. Mimi ni mtangazaji wa kituo cha treni. Kutwa nzima nakaa kwenye chumba cha vioo nikiwaambia watu kwa sauti tamu kwamba treni yao imechelewa na kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu. Habari mbaya ndiyo kazi inayonilisha, na nikirudi nyumbani natamani kupumzika mbali nayo. Ndipo nikakata shauri. Siku yangu ya mapumziko, siku isiyo na lolote, nitaoka nyama ile ile, tutakula, tutashiba, na tukishashiba sitasema neno. Nitaondoa vyombo tu. Nilitaka tule mara moja bila habari yoyote, kama watu wengine wanavyokula, na nilikitaka kitu hicho kwa dhati kuliko mtu mzima anavyopaswa kukitaka chakula.

Nafasi ilikuwepo. Baba alikuwa karakanani kwake, anakotengeneza friji. Mdogo wangu alikuwa saluni akinyoa vichwa. Mama alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho. "Kubadilisha miwani tu," alisema, akakataa kusindikizwa. Mama ni fundi cherehani wa magauni ya harusi, na miwani yake huchakaa kama viatu vya wengine.

Nikapika kama nilivyomwona akipika. Nyama inapakwa chumvi na pilipili manga, inaachwa itulie. Inafutwa maji, kwa sababu nyama yenye maji haibadiliki rangi, inachemka tu na kununa. Inakaangwa upesi kila upande mpaka iwe ya kahawia, mafuta ya pembeni yakichanjwa kwa kisu yasije yakakikunja kipande. Kwenye trei, chini unatandaza viazi na vitunguu vilivyokatwa duara, juu unalaza nyama, unaipaka haradali, unainyunyizia chenga za mkate mkavu, unafunika, unasukuma kwenye oveni. Mwishoni unafunua ili juu pakauke. Si kazi ngumu. Ngumu ni kuisubiri huku nyumba nzima ikianza kunukia matanga.

Baba ndiye aliyetangulia kurudi. Nilimsikia akifungua mlango. Akavua viatu taratibu sana, akaja hadi mlango wa jikoni na soksi zake, na mkoba wa vifaa ungali mkononi.

"Umeoka?"

"Nimeoka, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akavuta kiti, akakaa. Akaitazama oveni, akanitazama mimi, akaitazama tena oveni. "Kama ni ile sigara, mwanangu, mimi mwenyewe nilikuwa nataka kumwambia mama yako."

"Sigara gani?"

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini nyama ile ilikuwa imeshamfungua kinywa. Nikaambiwa kwamba zile safari zake za jioni za kwenda kukagua geti kama limefungwa zilikuwa za kuvuta, na kwamba geti lenyewe halijawahi kuwa na tatizo. Akadhani jirani amemsema. Nilimhakikishia kwamba jirani hana habari naye, na wala mimi sikuwa nayo mpaka dakika ile. Alionekana kuumia kidogo kwa kuungama bure.

Mdogo wangu aliingia akiwa amebeba bakuli lake la plastiki lenye mfuniko. Kila akija kula kwetu huja nalo, kwa sababu mama humfungia chakula ampelekee mchumba wake. Harusi yao ilikuwa karibu, na gauni la bibi harusi mama alikuwa analishona mwenyewe kwenye chumba cha mbele, mlango umefungwa, mtu haruhusiwi kuchungulia. Kijana alivuta pumzi mara moja tu, akaegemea friji.

"Amekuja hapa?" akaniuliza.

"Nani?"

"Dada, usinizungushe. Mchumba wangu. Amekuja, amewaambia."

Baba akainua macho kwa matumaini ya mtu aliyepata mwenzake kizimbani. Nikamwambia mdogo wangu afunge mlango wa jikoni, na hapo tukapewa yote. Mchumba alikuwa ameshamwacha kitambo. Hawakugombana. Binti alisema tu kwamba hamwoni akiwa mumewe, akarudisha pete, akamtakia heri.

"Na chakula anachofungiwa kila wiki?"

"Nakula mimi."

Nikamtazama vizuri. Kweli alikuwa amenenepa, na sisi tulikuwa tunasema ni raha ya uchumba.

"Na gauni?"

"Sikujua pa kuanzia."

"Ungeanzia hapa: mama, usikate kitambaa."

Nami nilikuwa na hasira, si kwa ajili yake tu. Sikuwa nimefunua hata trei, na tayari nilikuwa na sigara moja na harusi moja iliyokufa jikoni kwangu, vyote vimeletwa na watu walioamini kwamba habari ninayo mimi. Nikawasimamisha pale pale kama watoto. Nikawaambia leo hakuna anayesema kitu. Sigara ina siku yake, uchumba una siku yake, hata kesho asubuhi, lakini leo tutakula nyama hii midomo ikiwa na kazi moja. Wakakubali upesi mno. Mwoga ukimpa likizo hakuulizi sababu.

Mama alirudi nikiwa naweka sahani. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani, pua juu. Uso wake ulilegea, mabega yakashuka, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake:

"Nani amewaambia?"

Baba aliangalia soksi zake. Mdogo wangu aliangalia bakuli.

"Karibu mezani, mama," nikasema. "Chakula kitapoa."

Akaja, akakaa bila kuvua koti. Nikampakulia kipande kikubwa na viazi vya chini vilivyokunywa mafuta ya nyama. Akala. Alitafuna polepole, akasema chumvi imekaa sawa, na kwa mama hiyo ni nishani. Nikaanza kuamini kwamba nitashinda. Kisha akasukuma sahani mbele kidogo na kutandaza mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Basi mmejua," akasema.

"Tumejua," akasema baba, ambaye hakuwa amejua chochote, ila katika ndoa yao kukubali ndiyo desturi yake.

"Afadhali. Njia nzima nilikuwa nawaza nitawaambiaje, na nguvu za kuoka sina." Akashusha pumzi. "Daktari anasema miwani haisaidii. Ni ndani ya jicho lenyewe. Katikati panafutika, pembeni panabaki. Kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki katikati nacho kinaondoka. Nikikutazama wewe, baba watoto, naona masikio na nywele. Uso nauweka mwenyewe kwa kukumbuka."

Baba aliweka uma chini. Sikuwahi kumwona akiweka uma chini nyama ikiwa bado ipo.

Nilitaka kusema kitu, na kilichonijia mdomoni, Mungu anisamehe, kilikuwa "tunaomba radhi kwa usumbufu". Nikaufunga mdomo.

Ndipo mama akaanza kulia, na alipolia hakulia kwa ajili ya macho. "Gauni nimeliharibu," akasema. "Najua mmefungua chumba mkaliona, ndipo mkajua. Pindo limenyooka, pindo naliona. Kifua ndicho kimekwenda upogo, na shanga nimezipanga kwa kupapasa, zimekaa kama zimemwagwa. Nimelifumua, nimelishona tena, limezidi kuharibika. Kitambaa chenyewe hakipatikani tena. Nimeshona mabibi harusi wa watu maisha yangu yote, wa mwanangu ndiye nimemkosea. Nitamtazamaje yule binti?"

"Mama," akasema mdogo wangu. "Hakuna harusi."

Alilisema hivyo hivyo, katikati ya chakula, kabla mtu hajashiba. Katika nyumba ile halikuwahi kutendeka jambo la aibu kama hilo. Mama akaacha kulia.

"Nini?"

"Ameniacha. Kitambo. Nilishindwa kukwambia."

"Na chakula ninachomfungia?"

"Ninakula."

Mikono ya mama ilikuwa bado mezani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani kilio kimerudi, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akatafuta leso. "Kwa hiyo lile gauni halina mwenyewe," akasema. "Mungu mkubwa. Halina mwenyewe." Akavua koti, akaivuta sahani, akaanza kula kwa hamu ya mtu aliyeachiwa kutoka mahabusu. Mwanamke aliyeambiwa mchana kwamba atapoteza macho alikuwa anafurahi jioni kwa sababu mwanawe hakupata mke, na mwanawe naye alikuwa anafurahi kwa sababu gauni limeharibika. Sijui familia nyingine zinashukuru nini.

Baba akaona mlango uko wazi. "Na mimi navuta sigara," akasema haraka.

"Najua," akasema mama. "Macho ndiyo mabovu. Pua ni nzima."

Tukaongeza viazi. Mdogo wangu alifunua bakuli lake na kwa mara ya kwanza akajipakulia hadharani. Uma wa mama ulichoma pembeni ya nyama mara mbili, ukagonga sahani tupu, na mara zote mbili baba aliisogeza sahani kidogo bila kukatiza maneno yake juu ya compressor ya friji aliyoibadilisha. Ile nyama ilikuwa imeiva sawasawa, laini mpaka mfupani, na sisi wote tulikuwa tunaila kama watu wengine. Nusura niseme nimeshinda.

Mama akafuta mdomo. "Haya," akasema, "na wewe?"

"Mimi nini, mama?"

"Aliyepika ndiye mwenye habari. Sisi za kwetu tumeshazitoa, wewe umekaa tu. Sema."

"Sema, mwanangu," akasema baba. "Tumeshashiba."

"Umefukuzwa kazi, dada?" akauliza mdogo wangu, kwa huruma ya mtu aliyekwishatua mzigo wake.

Hasira zikanipanda, kisha zikaniacha. Walikuwa wananitazama, baba na kijana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuamini kwamba mtu anaweza kuwasha oveni ile kwa sababu anawapenda tu na ni siku yake ya mapumziko.

"Sina habari, mama," nikasema. "Nilitaka tule tu."

Mama aligeuza kichwa upande, akawa kama anaangalia dirisha, na kunitafuta kwa pembe ya jicho, pale panapobaki, ajue kama ninasema kweli. Nikaacha kutafuna. Nilikaa pale pale bila kutikisika, mpaka aliponiona.