Sikio la Sungura wa Kauri

Kabla mnada haujaanza tuliruhusiwa kukagua vitu. Mke wangu alinionya mara tatu: angalia kwa macho, mikono iache mfukoni. Nikamjibu kwamba nimekusanya vitu vya kale miaka ishirini, sihitaji mlezi. Nikamwinua sungura wa kauri, mkongwe kuliko babu yangu, nisome alama ya mfinyanzi chini ya tumbo. Sikio likanibakia mkononi.

Jasho likanitoka. Nikalitumbukiza sikio mfukoni, nikamrudisha sungura kwenye rafu, upande mzima ukiangalia watu, nikaenda kuketi. Nikaapa nitamnunua mimi mwenyewe kwa bei yoyote, ilimradi aibu ikaishie nyumbani. Baada ya muda mke wangu alikuja akakaa kando yangu, kakumbatia mkoba, kimya kabisa. Mwanamke huyu hanyamazi hata usingizini! Nikajua ameniona.

Mara mfanyakazi wa mnada akasimama mbele yangu, kiganja wazi.

"Mzee, naomba sikio."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Usijali," akasema huku akicheka. "Huyu sungura alivunjikavunjika zamani, tumembandika kwa nta tu. Hata kwenye orodha tumeandika. Wewe ni wa nne leo, ila wenzako walilirudisha wenyewe."

Nikalitoa sikio, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana muda wote huo. Mke wangu naye akashusha yake, ndefu kuliko yangu, akafungua mkoba na kutoa mkia.