Kosa la Ndululu kwenye Kaseti

Jumamosi mchana, soko la ndengu likishapoa, watu wa Kyuso walijaa hotelini kwa Halima kutafuta makosa. Halima alikuwa na televisheni, video, na jenereta iliyokohoa nyuma ya jiko, na alikuwa ameshagundua kwamba wateja wake hawajali sana nani kamwoa nani kwenye mchezo. Walichotaka ni kumkamata mtengenezaji. Mtu akiingia mlangoni na kofia akatokea chumbani kichwa wazi, au kikombe cha chai kilichonywewa nusu kikijaa chenyewe, wa kwanza kusema alipata chapati.

Nthenya, muuza ndengu, alikuwa amekula chapati nyingi kuliko mtu yeyote pale. Salim, fundi wa baiskeli, alilalamika kwamba mama huyo huangalia televisheni jinsi anavyochambua ndengu, na kwamba wengine nao wana matumbo. Nthenya alimjibu kwamba macho hayauzwi dukani.

Mwaka huo wa 1988 Halima alirudi kutoka Mwingi na kaseti ya mchezo uliopigwa picha hapo hapo Kyuso, wakati wa ule ukame mkubwa. Kila mtu aliwakumbuka wapiga picha hao. Walikuja na malori, wakataka vichaka vilivyokauka na ng'ombe waliokonda, na mabwana waliofuatana nao wakaahidi kuwachimbia watu kisima cha bomba kama shukrani.

Ndululu, mama yake Nthenya, ndiye aliyewapa taabu. Mwigizaji mmoja wa kike kutoka Nairobi alitakiwa kulia kwa kiu, na kila alipoanza kulia Ndululu alimpelekea maji. Wakamweleza kwamba ni mchezo tu. Akasema ameelewa vizuri, ila mtoto wa watu hawezi kulia kiu mbele ya boma lake na yeye anatazama. Mwishowe mwenye kamera alichoka, akageuza kamera kidogo na kupiga hivyo hivyo, akiamini amemwacha nje ya picha.

Hakuwa amemwacha nje. Sehemu ya tatu, mwigizaji akilia kwa ufundi mkubwa, Ndululu alitokea pembeni na kibuyu chake.

"Kosa," Nthenya alisema, tena kwa sauti ndogo. Mama yake alifariki mwaka mmoja baada ya malori kuondoka. Alikuwa akitoka mtoni, wanakochimba mchanga kutafuta maji, akaketi kando ya njia apumzike, na hakuinuka tena. Nthenya alikuwa bado anamlilia. Akamwomba Halima asimamishe kaseti amwone vizuri.

Halima akabonyeza. Picha ikasimama. Mwigizaji akabaki na chozi katikati ya shavu, na nzi mmoja akabaki hewani. Ndululu hakusimama. Alimpita mwigizaji, akaja mpaka kwenye kioo, akanyoosha mkono na kibuyu kikatoka nje.

"Nthenya, umekonda," alisema.

"Ni jua, mwaitu," Nthenya alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Shika unywe."

Nthenya akanywa. Maji yalikuwa baridi na yalinukia moshi kidogo, kama yalivyokuwa nyumbani kwao tangu utoto wake. Kibuyu kikazunguka hoteli nzima bila kupungua. Halima akatandika gunia chini ya televisheni, maana sakafu ilikuwa mpya, kisha akampa Nthenya chapati yake.

Tangu siku hiyo wanawake wa Kyuso walipanga mitungi kuanzia mlangoni kwa Halima hadi kwa Salim, ambaye alinung'unika kwamba punda wanamtafunia viti vya baiskeli. Ndululu alijaza mitungi yote na kuuliza habari. Alitaka kujua kwaya inaimbaje bila yeye, akaambiwa inaimba vizuri zaidi, akacheka mpaka maji yakamwagika. Nthenya alirudi nyumbani akiimba. Mto ulikuwa mbali, na sasa alikuwa anauendea siku chache tu.

Jumamosi moja Ndululu akauliza, "Kile kisima walituahidi kilichimbwa?"

Nthenya akamwomba Halima aiache kaseti iendelee. Wakaitazama kaseti mpaka sehemu ya mwisho, ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia, kwa sababu ya maji. Hapo palionyeshwa bomba jipya likiwa limesimama katikati ya Kyuso, watu wakipiga makofi, na sauti nzito ya mtu asiyeonekana ikisema kwamba hapa kiu imekwisha. Kisha mbuzi akaja kujikuna kwenye bomba, na bomba likayumba. Lilikuwa limechomekwa mchangani tu, kama kijiti cha mtoto.

Nthenya aliliona kosa hilo, akapewa chapati, akaiacha mezani. Alikasirika hasa. Kumbe huko maofisini watu walikuwa wameiona kaseti hii na kuamini kwamba mama yake alikufa akitoka mtoni kwa kupenda matembezi. Akapanda lori la mbuzi hadi Kitui, akaketi mlangoni kwa afisa wa maji mpaka afisa akachoka kumruka.

Afisa huyo, bwana Mulei, alikuja Jumamosi iliyofuata, koti limejaa vumbi la njiani na midomo imepasuka. Akapewa kiti cha mbele. Mpango ulikuwa aonyeshwe mbuzi moja kwa moja. Lakini mgeni alikuwa ametoka mbali, na hakuna aliyeweza kuanza na mbuzi. Nthenya mwenyewe alisuuza gilasi. Halima alisimamisha kaseti kwenye sehemu ya tatu, na Ndululu akamwambia mgeni pole kwa safari.

Mulei alikunywa, akaomba nyingine, akashukuru. Ndipo akaonyeshwa mbuzi. Alimtazama kwa makini, akataka arudiwe, akavua miwani.

"Hiyo bomba haina kitu chini, nimeona," alisema. "Lakini mama, nitaandikaje Kyuso hakuna maji, na mimi nimekunywa?"

Akampa kila mtu mkono, hata Ndululu, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata mitungi ilipangwa kama kawaida. Halima alibonyeza, mwigizaji akabaki na chozi lake, na Ndululu akaja kwenye kioo, kibuyu mkono wa kulia.

"Wamechimba?"

"Bado, mwaitu."

Ndululu aliinama. Alipoinua uso, kibuyu kilikuwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyekuwa amemwona akikihamisha, wala mkono wa kulia aliokuwa akijifutia macho haukuonekana ukipanda. Lilikuwa kosa la wazi kuliko yote yaliyowahi kuonekana pale. Nthenya aliliona, Salim aliliona, hoteli nzima iliona.

Hakuna aliyedai chapati. Nthenya alifungua kifuniko cha mtungi wake, akausogeza karibu na kioo, na mama yake akaanza kumimina.