Pikapu ya Orrin Yaota Mkia

Shemeji yangu Orrin ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa kumpenda. Alipomposa dada yangu Ardis, miaka hamsini na moja iliyopita, nilimwonya dada, naye akanicheka. Sasa Ardis yuko kwenye nyumba ya wazee kule Ansgar, maili sitini kutoka kwetu, na kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Sura zetu amezisahau. Mimi ananiita daktari. Lakini ile pikapu ndogo ya buluu, waliyoinunua enzi za kufuga nguruwe, hajaisahau. Ikichomoza tu barabarani anainuka kitini, anachukua mkoba na kusema, "Huyo Orrin kaja." Basi mzee atakayeingia baada ya hapo anakuwa mume wake mpaka jioni.

Shida ilikuwa mafuta. Akishalipia ile nyumba, kinachobaki kilimtosha Orrin kwenda siku nne kwa wiki. Alikuwa ameshaizoea hali hiyo, mpaka muuguzi mmoja, Marisol, alipotuvuta pembeni.

"Mzee wangu, siku ambazo huji, anakaa dirishani na koti lake tangu asubuhi. Chakula hataki. Anasema mtakula njiani."

Orrin alituendesha hadi nyumbani. Tulipofika kwake aliizunguka pikapu mara mbili, kisha akanigeukia.

"Dale, hii inakula galoni moja kila maili ishirini. Nikiifikisha thelathini na tano, siku nne zinakuwa saba."

"Na mimi nikiota mbawa nitaruka."

"Kwa tumbo hilo, shemeji? Utachimba mtaro. Kalete jeki."

Nilimpa ushauri ambao mtu yeyote wa Nebraska angempa: ashushe mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite. Baba yangu alishusha, mimi nimeshusha maisha yangu yote. Orrin akasema sote ni wajinga, kwa sababu mlango ukiwa juu, upepo unajikunja humo ndani ya bodi na unaokuja nyuma yake unateleza juu kwa juu. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe tukajaza tangi, tukaenda na kurudi njia ileile, mlango juu, kisha mlango chini. Alikuwa sahihi. Nilikasirika mno, nikikumbuka mafuta yote niliyoyapeperusha tangu ujana wangu.

Uchaguzi ulikuwa umepita, mabango ya plastiki yamejaa kando ya barabara, hayana mwenyewe. Tuliyakusanya, tukayakata, tukaziba nayo tumbo lote la gari, kutoka bampa ya mbele hadi nyuma ya ekseli. Karibu yote yalikuwa ya yule jamaa aliyegombea usherifu akaambulia kura za shangazi zake.

"Mwache alale chini humo," Orrin alisema akiwa amelala chali, mdomo umejaa skrubu. "Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana."

Tuliziba nusu ya shoo ya mbele, penye matundu ya kuingizia upepo kwenye injini. Magurudumu tukayafunika kwa sinia za kuokea pizza. Kisha likaja suala la kuujua upepo unapita wapi, na hapo Orrin akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kufumia cha Ardis. Kulikuwa na sweta jekundu limeishia kwapani. Alikata uzi uliobaki vipande vipande, kila kimoja urefu wa kidole, tukavibandika ncha moja kwa utepe wa gundi gari zima. Yeye aliendesha, mimi nikaenda naye sambamba kwa gari langu, nikitazama. Penye upepo safi uzi unalala. Penye upepo uliovurugika unacheza. Juu ya bodi la nyuma nyuzi zote zilikuwa zinacheza kama vichaa. Nilishindwa kuzitazama sana. Nililia humo garini peke yangu, sioni haya kusema.

Ndipo tukatengeneza mkia. Ulikuwa kifuniko cha alumini kilichoanzia juu ya paa na kushuka taratibu mpaka ukingo wa mlango wa nyuma. Pikapu ikawa kama kiatu kilichokanyagwa kisigino. Watu mkahawani waliacha supu ya maharage na mikate ya mdalasini vikapoa, wakatoka nje kutucheka. Orrin akawacheka na wao, akaondoka kwa mwendo wa maili hamsini tu kwa saa, kubana mafuta, malori yakimpigia honi.

Aprili ilipofika alipiga hesabu mara tatu. Thelathini na tano na kidogo.

"Siku saba, Dale," alisema, akaketi kwenye ndoo na kujifuta uso kwa kitambaa chenye grisi. Sijawahi kumwona mtu na furaha kama ile.

Jumatatu, siku ambayo hakuwa akienda, tulikwenda pamoja, safari ya kwanza ya Ansgar tukiwa na mkia. Tulipokata kona nilimwona Ardis dirishani, koti limefungwa vifungo vyote. Aliitazama pikapu yetu ikiingia. Hakuinuka. Akarudisha macho barabarani.

Ndani, Orrin alivuta kiti akakaa mbele yake, akamshika mkono. Ardis aliutoa mkono polepole, kwa adabu, kama alivyofunzwa kwetu.

"Samahani, bwana," alisema. "Unanizibia dirisha. Namsubiri mume wangu."

"Ndiyo mimi, Ardis."

"Mume wangu ana pikapu ya buluu."

"Si ile pale nje?"

Alichungulia, akatabasamu kwa huruma, vile anavyotabasamiwa mtoto anayesema uongo mdogo. "Ile? Hapana. Ile sijui ni kitu gani."

Nilitaka kupiga ukuta. Miezi mitano, vidole vyetu vimechanika kwa alumini, na tumemfuta Orrin mwenyewe kwa mikono yetu! Orrin alikaa naye hivyohivyo karibu saa nzima, kiti amekisogeza pembeni ili asimzibie. Alimsimulia habari za mvua na bei ya mahindi. Kisha akainuka.

"Twende nje, shemeji. Chukua spana."

Upepo ulikuwa mkali. Tulifungua mkia bolti moja moja, tukauegemeza ukutani nyuma ya jiko, tukang'oa na zile sinia. Kilicho chini ya gari tulikiacha, hakuna anayekiona. Orrin akaondoka na pikapu mpaka ikapotea mbali, nami nikarudi kusimama nyuma ya kiti cha dada. Muda si muda ikachomoza barabarani, ya buluu, mgongo wazi, mlango wa nyuma juu.

Ardis akainuka. Akachukua mkoba.

"Huyo Orrin kaja," aliniambia. "Daktari, nishike mkono."

Orrin alipoingia, amepigwa na baridi, nywele timutimu, Ardis alimkunjia uso.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Kulikuwa na mzee hapa. Mpole, masikini, alikaa nami muda wote." Alishusha sauti. "Lakini nilimwambia nina mume."

"Ulifanya vyema," Orrin alisema, akamfungua koti kifungo kimoja kimoja.

Siku hizi bolti zile hazipo, ameweka komeo za kuvuta, na mkia anaweza kuushusha peke yake. Maili moja kabla ya Ansgar anasimama nyuma ya maghala ya nafaka, anauvua, anauacha kwa vijana wanaopima nafaka hapo, anaingia mjini na pikapu yake ya zamani. Jioni anauvika tena. Dakika kumi na mbili kuuvua, kumi na mbili kuuvika, theluji inyeshe isinyeshe, siku saba kwa wiki. Na kila siku Ardis humwambia kwamba amechelewa, naye kila siku humwomba radhi.